TanzLII mikononi mwa msomaji wa Tabora: tathmini ya huduma ya kusoma hukumu za jinai

TanzLII ni maktaba ya mtandaoni ya Mahakama ya Tanzania, ambamo hukumu na maamuzi madogo ya Mahakama ya Rufani na ya Mahakama Kuu huwekwa ili yeyote ayasome bure, bila kujisajili na bila kumweleza karani sababu ya kutaka kuyasoma. Mawakili wanaitumia kila siku na hawahitaji tathmini yangu. Ninawaandikia wale ambao jioni, kwenye baraza za kahawa za Gongoni na Kanyenye au kwenye makundi ya simu, huijadili kesi ya mauaji au ya unyang'anyi wa kutumia silaha ambayo uamuzi wake umetoka mchana katika Mahakama Kuu Kanda ya Tabora, na ambao mara nyingi wanachokijua ni neno moja tu, ama kafungwa ama katoka. Mimi ni msaidizi wa kisheria, mmoja wa wale wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wala si wakili, na swali ninalotaka kulijibu ni kama huduma hii inamfaa mtu wa kawaida wa mji huu anayetaka kuzungumzia kesi ya jinai akiwa anajua anachokizungumzia. Jibu langu ni kwamba inamfaa sana, ila akiwa na mtu wa kusoma naye.

Kuitumia kwenyewe hakuna ugumu. Simu yoyote yenye intaneti inatosha. Unachagua mahakama, kisha mwaka, kisha mwezi, na orodha ya maamuzi inafunguka. Kila uamuzi una namba yake ya kudumu inayoanza na mwaka kwenye mabano ya mraba, ikafuatiwa na herufi TZCA kwa Mahakama ya Rufani au TZHC kwa Mahakama Kuu, na mwisho tarakimu, hivyo aliye na namba hiyo hahangaiki. Asiye nayo atafute kwa jina la mshtakiwa au namba ya shauri, na akikwama apunguze orodha kwa mwaka au kwa jina la jaji. Gharama ni bando tu, na kwa wazee wasiopenda kusoma kwenye kioo ni gharama ya kuchapa, ambayo kwenye duka la steshenari ninakochapisha ni shilingi 200 kwa ukurasa, maana yake hukumu ya kurasa 20 unaipata kwa shilingi 4,000. Ukikumbuka kwamba zamani asiyehusika na kesi hakuwa na njia rahisi ya kuiona hukumu, na kwamba vitabu vya taarifa za kesi vilikaa kwenye rafu za mawakili, bei hiyo si ya kulalamikia.

Thamani yake halisi inaonekana pale unapoacha kuangalia ukurasa wa mwisho na kuanza kusoma sababu. Mtu anayesikia kwamba mshtakiwa ameachiwa kwa "kasoro ndogo ya kisheria" huamini kwamba mahakama imekubali kuwa alitenda kosa kisha ikamfungulia mlango kwa sababu karatasi fulani haikugongwa muhuri. Hukumu zenyewe husema jambo jingine kabisa. Chukua utambuzi wa macho, ambao ndio uti wa mgongo wa kesi nyingi za uvamizi wa usiku. Tangu uamuzi maarufu wa Mahakama ya Rufani wa mwaka 1980, jaji hatakiwi kuutegemea ushahidi wa mtu anayesema tu kwamba alimwona mshtakiwa. Ni lazima ijulikane alimwona kwa muda gani, akiwa umbali gani, kwa mwanga wa aina gani, kama kulikuwa na kitu kilichomzuia kuona, na kama aliwahi kumfahamu au kumwona kabla. Shahidi aliyesema "kulikuwa na taa" bila kueleza ilikuwa ya umeme, ya sola au koroboi, na ilikuwa wapi, amesema kidogo mno. Hapo hakuna kasoro ndogo hata kidogo, kwa sababu swali zima la kesi ni kama mtu aliyeko kizimbani ndiye aliyekuwa na panga usiku ule.

Vivyo hivyo kwa maelezo ya onyo, yaani yale ambayo mtuhumiwa huyatoa polisi baada ya kuonywa kwamba yanaweza kutumika dhidi yake. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, iliyotungwa mwaka 1985, inampa polisi saa nne za msingi za kumhoji mtuhumiwa tangu alipowekwa chini ya ulinzi, na muda huo unaweza kuongezwa kwa utaratibu uliowekwa. Maelezo yaliyochukuliwa nje ya muda pasipo nyongeza halali yanaweza kuondolewa kwenye kumbukumbu. Hati inayotolewa mahakamani kama kielelezo inapaswa kwanza kupokewa, kisha isomwe kwa sauti ili mshtakiwa ajue kinachosemwa dhidi yake, na ni ajabu jinsi kosa hili la kutosoma linavyojirudia katika hukumu za rufaa, kwenye PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, kwenye hati ya ukamataji mali na kwenye ungamo lenyewe. Kielelezo kama bunduki, dawa za kulevya au pembe za ndovu kinatakiwa kiwe na kumbukumbu ya kila mkono uliokishika, tangu kilipokamatwa hadi kilipofika mezani kwa hakimu. Ukisoma hukumu tano au sita kwa mfululizo unaanza kuyaona mambo haya kama sura moja: mahakama inauliza kama upande wa Jamhuri, yaani wa mashtaka, umeleta ushahidi unaoweza kuaminiwa, na pale usipoaminika inauweka pembeni, kisha inauliza kilichobaki kinathibitisha nini.

Mama mmoja mfanyabiashara wa Isevya, ambaye duka lake lilivunjwa usiku na mlinzi wake kukatwa panga mkononi, alikuja kwangu akiwa na hakika kwamba jaji amekula fedha, kwa sababu kijana aliyehukumiwa na mahakama ya wilaya kifungo cha miaka 30 alikuwa amerudi mtaani na kupita mbele ya duka akimwamkia. Nilimwamkia, nikamkaribisha kiti, nikafungua hukumu ya rufaa.

"Mwanangu, nisomee pale alipoandika kwamba huyu kijana hakuiba."

"Mama, hapajaandikwa hivyo popote. Pameandikwa kwamba haikuthibitika kuwa ni yeye."

Akanyamaza kidogo, kisha akataka nisome yote. Tulisoma kwamba shahidi wa utambuzi hakueleza mwanga ulikuwa wa aina gani, kwamba redio iliyodaiwa kukutwa kwa mshtakiwa haikuwa na hati ya ukamataji iliyosainiwa na shahidi huru, na kwamba maelezo ya onyo yaliandikwa siku ya pili baada ya kukamatwa bila nyongeza yoyote ya muda. Jaji alikuwa ameeleza kila kimoja kwa aya yake, bila haraka, na kwa heshima kwa aliyeumizwa. Mama akasema, "Kwa hiyo aliyekosea ni askari, na anayelala macho wazi ni mimi." Sikuwa na la kumjibu, na hukumu nayo haikuwa na jibu la swali hilo, kwa kuwa halikuwa mbele ya mahakama. Hakuondoka akiwa ameridhika. Hata hivyo, hakulirudia tena lile neno la jaji kula fedha, na siku zilizofuata ubishi wa pale mtaani ulihama kutoka kwa jaji kwenda kwenye kituo cha polisi kilichopeleleza, kwamba nani aliandika nini na saa ngapi, na kwa nini hapakuitwa hata mjumbe wa nyumba kumi kushuhudia upekuzi. Hayo ndiyo maswali yenye manufaa, na yangekuwa magumu kuulizwa bila zile kurasa.

Huku kwetu mjadala wa utaratibu wa haki una historia yake, na msomaji wa TanzLII ataikuta kwa wasikilizaji wake kabla hajafungua kinywa. Wazee wengi wa mkoa huu wamewahi kuishi chini ya sungusungu, jeshi la jadi lililoibuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika ukanda wa Kahama na Nzega na kuenea Unyamwezini na Usukumani, ambalo lilimkamata mtuhumiwa wa wizi wa ng'ombe, likamsikiliza, likamtoza faini au likaamuru atengwe na kijiji kizima, vyote kwa muda mfupi na bila ngazi ya rufaa. Mzee aliyezoea hivyo akiambiwa kwamba kesi ya mauaji inaanzia mahakama ya chini kwa ajili ya kutajwa tu, huku upelelezi ukiendelea, na kwamba ni baadaye ndipo inapopelekwa Mahakama Kuu kusikilizwa, huona ni ujanja wa wasomi. Mzee huyohuyo, ukimkumbusha vikongwe waliouawa katika mikoa hii kwa kudhaniwa wachawi, na ushahidi mkubwa ukiwa ni macho yao mekundu yaliyozoea moshi wa jikoni, hupunguza sauti. Na ukimkumbusha ya mwaka 1976, pale msako dhidi ya mauaji ya aina hiyo katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga ulipoishia kwa watuhumiwa kuteswa na baadhi yao kufia kizuizini, hata Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, akajiuzulu mwaka 1977 kwa kuwajibika, huanza kuelewa kwamba saa nne za msingi hazikuwekwa kumpendelea mhalifu. Nimeona hoja hiyo ikifanya kazi kuliko kumsomea mtu Ibara ya 13 ya Katiba, ingawa nayo naisoma, hasa ibara ndogo ya 6, aya ya (b), inayokataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla hatia haijathibitika.

Sasa nije kwenye upungufu mkubwa, nao ni lugha. Bunge lilirekebisha sheria mwaka 2021, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, na yapo maamuzi yanayoandikwa kwa Kiswahili kizuri sana ambayo ningependa kila mwanafunzi wa sheria ayasome. Lakini sehemu kubwa ya kinachopatikana kwenye maktaba hii bado ni Kiingereza, na maamuzi ya miaka ya nyuma ndiyo hayo hayabadiliki. Fikiria safari ya maneno ya shahidi mmoja wa Sikonge. Ametoa ushahidi kwa Kiswahili, pengine kwa Kinyamwezi kupitia mkalimani. Jaji ameuandika kwa Kiingereza kwenye mwenendo wa kesi. Hukumu imeunukuu kwa Kiingereza. Nami nimekaa naye kwenye benchi namgeuzia kwa Kiswahili maneno ambayo ni yake mwenyewe. Kila kituo cha safari hiyo kinaweza kudondosha kitu. Bahati nzuri majaji wetu wana desturi ya kunukuu maneno muhimu kama yalivyosemwa, hivyo katikati ya Kiingereza unakutana ghafla na sentensi nzima ya Kiswahili, ungamo au yowe la aliyevamiwa, na msikilizaji ambaye alikuwa anasinzia anainua kichwa. Yule mama wa Isevya aliomba nimwachie kurasa mbili tu, zile zenye maneno ya mlinzi wake.

Lugha inaharibu hata utafutaji. Anayeandika neno mauaji kwenye kisanduku cha kutafutia hatapata kile ambacho angekipata kwa neno la Kiingereza, kwa sababu mtambo unatafuta herufi zilizomo ndani ya hati, na hati haina neno hilo. Kwa hiyo mtu wa kidato cha nne anaweza kusoma kwa taabu, na aliyeishia darasa la saba haingii kabisa, ilhali ndiye anayekaa mahabusu na ndiye anayevunjiwa duka. Ningeambiwa nichague jambo moja tu la kuongezwa kwenye huduma hii, ningechagua muhtasari wa nusu ukurasa kwa Kiswahili juu ya kila hukumu ya jinai ya Mahakama Kuu, useme mshtakiwa alidaiwa nini, mahakama imeamua nini, na kwa sababu gani. Nusu ukurasa ingezima uvumi mwingi kuliko matangazo ya kuwaasa watu waheshimu mahakama.

Upo mtego mwingine, na huu humnasa hata anayejua Kiingereza vizuri. Msomaji anapata uamuzi wa Mahakama Kuu unaosema anachotaka kusikia, anaupiga picha, anausambaza, na hakagui kama uamuzi huo bado unasimama. Mfano ulio wazi zaidi ni wa dhamana. Mwezi Mei 2020 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kinachozuia dhamana kwa makosa kama mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha na utakatishaji fedha, kinakinzana na Katiba. Watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Tarehe 5 Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani iliutengua uamuzi huo, na kifungu kikabaki kama kilivyokuwa. Mpaka leo nakutana na ndugu wa mahabusu wanaoniletea ule uamuzi wa Mei wakiniuliza kwa nini hakimu anawanyima dhamana ilhali Mahakama Kuu imeruhusu. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa adhabu ya kifo: mwaka 1994 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, akiwa Dodoma, alitamka kwamba adhabu hiyo inakiuka Katiba, na mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikasema kwamba, pamoja na ukatili wake, Katiba inairuhusu. Hukumu ya kwanza inasisimua kuisoma, na naipendekeza kwa yeyote mwenye subira, lakini anayeisoma bila kuisoma ya pili atatoka na nusu ya habari. Kanuni ninayowapa wenzangu ni kwamba ukisoma uamuzi wa Mahakama Kuu, tafuta jina lilelile kwenye orodha ya Mahakama ya Rufani kwa miaka inayofuata kabla hujafungua mdomo barazani.

Ngazi hizo zina kazi tofauti, na hapa pia ubishi mwingi hutokana na kutolijua hilo. Mahakama Kuu ikisikiliza rufaa ya kwanza kutoka mahakama ya wilaya hupima upya ushahidi wote, ingawa haikuwaona mashahidi; Mahakama ya Rufani kwenye rufaa ya pili hushughulika zaidi na hoja za kisheria. Pia mahakama inapogundua kwamba mwenendo mzima ulikwenda mrama, haiamuru kila mara kesi isikilizwe upya. Tangu uamuzi wa mwaka 1966 wa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, msimamo ni kwamba kesi haianzishwi upya kwa lengo la kuupa upande wa mashtaka nafasi ya kuziba matobo ya ushahidi wake. Wengi wanapoisikia kanuni hii kwa mara ya kwanza hukasirika, na mimi siwalaumu, ila baada ya kuuliza kama wangependa ndugu yao ashtakiwe mara ya pili na ya tatu hadi polisi wapatie, hasira hupoa.

Kuna jambo la majina. Mtakuwa mmeona kwamba sijataja jina la mshtakiwa hata mmoja, ingawa yote yapo wazi kwenye maktaba hiyo na mawakili huzitaja kesi kwa majina hayo kama vile ni majina ya mitaa. Watoto walioathirika na makosa ya kujamiiana kwa kawaida hufichwa kwa herufi au kwa namba ya shahidi, na hilo linastahili sifa. Mshtakiwa hafichwi, hata yule aliyeachiwa huru. Mtu aliyekaa gerezani akisubiri kesi, akashinda, akarudi Urambo kulima tumbaku yake, jina lake litaendelea kuonekana likiambatana na neno mauaji kila atakapotafutwa, na anayelitafuta mara nyingi husoma kichwa cha habari na kuishia hapo. Natambua kwamba mahakama inayofanya kazi kwa uwazi haiwezi kuandika hukumu zisizo na majina. Mahakama ya siri ni hatari kubwa zaidi. Ninachosema ni kwamba sisi tunaojadili hatulazimiki kubeba kila tunachokiona, na hoja ya utambuzi wa macho inaeleweka barabara hata bila kujua mtuhumiwa ni mtoto wa nani.

Kinachokosekana ni kingi kuliko mgeni anavyodhani. Maktaba ina hukumu na maamuzi; haina mwenendo wa kesi, yaani yale maswali na majibu ya mashahidi kwa ukamilifu wake, na kesi inayoendelea kusikilizwa haina hukumu ya kusomwa. Kesi ya Freeman Mbowe, wakati huo mwenyekiti wa chama cha upinzani cha CHADEMA, na wenzake watatu, iliyosikilizwa mwaka 2021 na 2022 katika Divisheni ya Mahakama Kuu ya Makosa ya Rushwa na Uhujumu Uchumi, ndiyo iliyowafundisha Watanzania wengi maana ya kesi ndogo ndani ya kesi kubwa, pale mahakama ilipolazimika kwanza kuamua kama maelezo ya mshtakiwa mmoja yalichukuliwa kihalali. Nchi nzima ilibishana kuhusu saa, kituo na daftari la mahabusu, jambo ambalo sikuwahi kulisikia likibishaniwa na wauza kahawa. Kisha tarehe 4 Machi 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka akaeleza kwamba hana nia ya kuendelea, kesi ikaondolewa, na hukumu ya mwisho haikuandikwa. Anayetaka kujua mahakama ingesema nini hatakipata hicho popote, na anayesema kwamba washtakiwa walishinda au walishindwa anaongeza chumvi yake mwenyewe. Kuondolewa shtaka si sawa na kuachiwa huru baada ya hukumu, na ni moja ya tofauti ninazozieleza mara nyingi kuliko nyingine zote.

Kwa sababu hiyo ninamshauri kila anayependa mijadala hii asitosheke na simu. Mahakama Kuu husikiliza kesi za jinai kwa uwazi, isipokuwa pale sheria inapotaka faragha, na yeyote mwenye mavazi ya heshima anaweza kuingia, kuinama kidogo anapoingia kama ilivyo desturi, kukaa nyuma na kuzima simu. Mahakama ya Rufani nayo huja Tabora kwa vikao. Mtu aliyemwona wakili wa serikali akimwongoza shahidi swali kwa swali, na wakili wa utetezi akiuliza mara nne kuhusu taa ileile moja, akienda kusoma hukumu baadaye ataielewa kwa kasi ambayo mimi siwezi kumpa kwa maelezo. Wanafunzi wa Chuo cha Utumishi wa Umma hapa Tabora, hasa wanaosomea uhazili, wangefaidika pia, kwani huko ndiko watakakoona kwamba neno moja lililoandikwa vibaya kwenye kumbukumbu linaweza kumgharimu mtu miaka.

Jambo jingine la kuangaliwa ni namba za vifungu. Toleo la Sheria Zilizorekebishwa la mwaka 2023, lililoanza kutumika tarehe 1 Julai 2025, limehamisha namba za baadhi ya vifungu, na hukumu zote za nyuma zinataja namba za zamani. Hata hiyo 148(5) niliyoitaja hapo juu niliitaja kwa namba iliyokuwa ikitumika mwaka 2020. Ukiichukua namba kutoka kwenye hukumu ya 2018 na kuitafuta kwenye toleo jipya, unaweza kuangukia kifungu kisichohusika kabisa. Soma maneno ya kifungu, usiishie kwenye namba.

Kwa ujumla wa matumizi yangu naipa huduma hii alama za juu kwa upatikanaji, kwa bei na kwa mpangilio, alama za wastani kwa utafutaji, na alama ndogo kwa lugha. Ndugu wa mfungwa wasiitumie kama mbadala wa wakili, hasa kwa kuwa rufaa kwenda Mahakama Kuu ina muda wake mfupi: taarifa ya kusudio la kukata rufaa hutolewa ndani ya siku 10 tangu hukumu, na sababu za rufaa huwasilishwa ndani ya siku 45, muda wa kusubiri nakala ya hukumu na mwenendo ukiwa hauhesabiwi. Nimewaona watu wakitumia siku hizo zote wakitafuta kesi inayofanana na ya ndugu yao, na wasiandike taarifa yenyewe, ambayo ni karatasi moja na magereza wanaweza kumsaidia mfungwa kuiwasilisha.

Kwa wasomaji wa Kigoma, kuna kidokezo kitakachowaokolea muda. Mkoa wenu sasa una kanda yake ya Mahakama Kuu, lakini kabla ya hapo mashauri yenu yalikuwa chini ya Tabora, na majaji walisafiri kuja huko kwa vikao. Kwa hiyo kesi ya zamani ya Kasulu, Kibondo au Ujiji msiitafute chini ya Kigoma pekee. Ikikosekana hapo, fungueni orodha ya Tabora ya mwaka husika, na muangalie mstari ulio juu ya majina ya wahusika, ambako huandikwa mahakama ilikuwa ya kanda ipi na ilikaa wapi siku hiyo.